Wachache Ndani ya Wachache: Kuria, Suba na Majibu ya Serikali

Alhamisi ya tarehe 26 Oktoba 2017, Wakenya waliitwa tena vituoni baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais wa mwezi Agosti. Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori hazikuitika. Barabara zilizibwa kwa mawe na magurudumu yanayowaka, maafisa wa Tume ya Uchaguzi wakashindwa kufikisha masanduku, na mwenyekiti wao, Wafula Chebukati, akasogeza upigaji kura hadi Jumamosi. Jumamosi nayo haikufaa. Shughuli ikasitishwa katika kaunti hizo nne.

Lakini ndani ya Migori hiyohiyo, kule Kehancha na Kegonga, kura zilipigwa. Maeneo bunge mawili ya Kuria, Magharibi na Mashariki, yalishiriki uchaguzi ambao majirani zao wa Suna, Uriri na Awendo waliukataa. Gavana wao ni mmoja, bunge lao la kaunti ni moja, hata barabara kuu ya kwenda mpakani Isebania ni ileile. Siku ile ilipita kwa namna mbili.

Nairobi haikulitazama sana jambo hilo. Kwa watu wa jiji kuu, Migori ni ngome ya upinzani, na mtu akishasema ngome amemaliza maneno. Ndani ya ngome, hata hivyo, kuna nyumba ambazo hazikushauriwa wakati ukuta unajengwa.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakuria zaidi ya 313,000 nchini Kenya. Ndugu zao wengi wako Tarime, upande wa Tanzania, ng'ambo ya mpaka uliochorwa na Wazungu bila kuwauliza. Kaunti ya Migori kwa jumla ina watu 1,116,436, na walio wengi ni Wajaluo. Ukisogea kaskazini hadi Homa Bay, wachache huko ni Wasuba, karibu 158,000 kwa sensa hiyohiyo, watu wa visiwa vya Rusinga na Mfangano na wa miteremko ya Gwassi na Kaksingri. Kwa asili, jamii zote mbili ni za Kibantu. Majirani wao wakubwa, Wajaluo, ni zaidi ya milioni tano, na nao wana kilio chao cha miaka mingi kwamba Kenya huru haijawahi kuwapa urais na imewalipa maandamano yao kwa risasi. Kilio hicho ni cha kweli. Ndiyo sababu malalamiko ya Kuria na Suba yanakuwa magumu kusikika: anayelalamikiwa ni mtu ambaye mwenyewe yuko katikati ya kulalamika.

Kenya ni nchi iliyotoka vitani, ingawa wengi hawapendi kuiita hivyo. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi. Mkataba wa maridhiano ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008 mbele ya msuluhishi Kofi Annan. Mwaka uleule ikapitishwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na mwaka 2010 ikaja Katiba mpya yenye ugatuzi ndani yake. Ibara ya 174 inataja, miongoni mwa malengo ya ugatuzi, kulinda na kuendeleza maslahi ya jamii za wachache na zilizotengwa. Waliotunga maneno hayo walikuwa wametoka kuona watu wakifukuzana kwa kosa la kuzaliwa na lugha fulani.

Kabla ya Katiba hiyo, serikali ilikuwa na jibu lake la kawaida kwa jamii ndogo iliyonung'unika, nalo ni wilaya. Katika miaka ya 1990, utawala wa Daniel arap Moi uliipa Kuria wilaya yake, ikamegwa kutoka Migori, kisha Suba nayo ikapata yake upande wa Homa Bay. Zilikuwa zawadi tamu. Wilaya ilimaanisha mkuu wa wilaya, ofisi ya elimu, ofisi ya kilimo, kamati ya usalama, na vijana wa kwenu wakiajiriwa ukarani na ulinzi. Kwa Mkuria aliyezoea kusafiri mbali kutafuta sahihi ya karatasi moja, wilaya ilikuwa kitu cha kugusika. Moi naye hakuwa mjinga. Alijua kwamba jamii ndogo iliyozungukwa na upinzani, ikipata kitu chake yenyewe, haisahau mkono uliotoa.

Kasoro ilikuwa moja, tena kubwa. Zawadi hizo zilitoka kinywani mwa Rais, mara nyingi jukwaani, wala hazikuingizwa katika sheria iliyoorodhesha wilaya mwaka 1992. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria hiyo hazikuwa halali. Waandishi wa Katiba walipotafuta msingi wa kuchora kaunti, walichukua orodha hiyohiyo ya 1992. Kaunti 47 zikatoka humo. Migori ilikuwemo, Homa Bay ilikuwemo. Kuria na Suba hazikuwemo.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote hii. Jibu lililotolewa kwa hisani lilifutika kwa sahihi ya jaji mmoja, na hakuna aliyekuwa na pa kukatia rufaa, kwa kuwa hisani haina rufaa. Viongozi wa Kuria waliomba kaunti yao wakati wa kuandika Katiba, wakakosa. Walichopata ni kugawanywa kwa eneo bunge lao kuwa mawili kabla ya uchaguzi wa 2013, na nafasi ya kwenda kubishana katika mji wa Migori badala ya Nairobi.

Na walibishana vizuri, maana siasa ya hesabu iliwapa karata. Kuria ina wadi 12 kati ya 40 za Migori. Pale ambapo Wajaluo wanagawanyika kati ya wagombea wawili, wadi 12 zinaweza kumweka mtu kitini. Mwaka 2013 Okoth Obado aligombea ugavana kwa chama kidogo cha PDP dhidi ya mgombea wa ODM, chama chenye nguvu katika eneo hilo, akamchukua Mkuria, Nelson Mahanga Mwita, kuwa mgombea mwenza, akashinda. Mwaka huohuo wapiga kura wa Migori walimpeleka Wilfred Machage, Mkuria, katika Seneti kwa tiketi ya ODM, jambo ambalo linafaa kukumbushwa kila mara mtu anaposema Mjaluo hawezi kumchagua asiye Mjaluo. Ochilo Ayacko alipochukua ugavana mwaka 2022 naye alikuwa na naibu kutoka Kuria, Gimunta Mahiri.

Tangu ugatuzi uanze, basi, Migori imekuwa na desturi isiyoandikwa: gavana kutoka kwa walio wengi, naibu kutoka Kuria. Desturi nzuri? Ndiyo, ukilinganisha na kaunti ambako wachache hawapewi hata kiti cha nyuma. Lakini tazama kiti chenyewe. Katiba inamfanya naibu gavana kuwa naibu wa mkuu wa serikali ya kaunti, anayekaimu gavana asipokuwepo, na haimpi kazi nyingine ya kila siku. Hana bajeti yake, hana idara yake, isipokuwa gavana ampe. Wawili wakielewana, naibu ana kazi. Wakikosana, na magavana na manaibu wengi Kenya wamekosana, anabaki na gari, walinzi na mialiko ya mazishi. Matumaini ya jamii nzima yamewekwa kwenye uhusiano wa watu wawili.

Ndiyo maana malalamiko hayakuisha. Tangu 2013 wanasiasa na wazee wa Kuria wamerudia mambo yaleyale hadharani: nafasi za kazi katika kaunti, zabuni, basari, zahanati zisizo na dawa, barabara za mashambani zinazowazuia wakulima wa tumbaku na mahindi kufikia soko msimu wa mvua. Wakati mwingine makelele yanafika redioni, wakati mwingine yanaishia bunge la kaunti. Jibu la kaunti huwa ni orodha ya majina. Fulani ni waziri wa kaunti, fulani ni afisa mkuu, naibu gavana ni wenu, sasa mnalia nini?

Swali hilo lina jibu katika sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inaitaka bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, inapoajiri, izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Haisemi mawaziri. Inasema ngazi ya kuanzia: karani, muuguzi, dereva, mwalimu wa chekechea, askari wa kaunti. Waliotunga sheria walijua kwamba waziri mmoja huajiriwa mbele ya kamera, na makarani mia huajiriwa kimya. Familia moja hula kwa mshahara wa waziri, ilhali familia mia zingeweza kula kwa mishahara ya hao makarani.

Tume ya Uwiano na Utangamano ilikagua kaunti zote na kutoa ripoti mwaka 2016. Iliona kwamba kaunti 15 tu kati ya 47 ndizo zilizotimiza kiwango cha asilimia 30. Matokeo hayo yangetosha kuiamsha nchi kwa wiki moja. Yalisomwa habari za saa moja, wachambuzi wakatikisa vichwa, shughuli zikaendelea. Kifungu hicho hakina adhabu yenye meno, na Tume iliyohesabu haina nguvu ya kumwachisha kazi aliyeajiriwa wala ya kumfunga aliyemwajiri.

Kule Homa Bay mambo ni ya hila zaidi. Msuba haonekani kwa macho. Kwa zaidi ya karne moja Wasuba wameoana na Wajaluo, wakasali kwa Kijaluo, wakasoma kwa Kijaluo, hadi wengi wao leo Kijaluo ndiyo lugha ya mama. UNESCO inaiorodhesha lugha ya Suba miongoni mwa zilizo hatarini. Majina ni yaleyale: Odhiambo, Ochieng, Akinyi. Dunia nzima inamjua mwanasiasa Tom Mboya kama Mjaluo mashuhuri; kaburi lake liko Rusinga, kwa watu ambao ukoo wao ni wa Kisuba. Sasa bodi ya ajira itahesabuje? Ikitazama jina, Msuba ni mmoja wa walio wengi, na asilimia 30 inampita. Akijitambulisha kuwa Msuba, jirani atamuuliza tangu lini, na kwa nini leo, siku ya kugawana kazi.

Kwa hiyo Wasuba hawajaenda barabarani sana kwa jina la Usuba. Wamechukua njia nyingine. Kisiwani Mfangano kuna makumbusho ya amani ya Abasuba, yanayotunza pia habari za michoro ya kale ya miambani ya Kwitone na Mawanga. Kuna redio ya jamii, Ekialo Kiona, inayorusha matangazo kwa Olusuba ili vijana wasikie lugha ya babu zao ikitaja bei ya omena. Na eneo bunge la Mbita lilikuja kuitwa Suba Kaskazini, jirani yake Suba Kusini. Jina la jamii liliingia kwenye karatasi ya kura. Si jambo dogo kwa watu walioambiwa kwamba wamekwisha.

Cheo nacho kimekuja, kwa njia ya kawaida ya Kenya. John Mbadi, mtoto wa Gwassi na mwenyekiti wa ODM kwa miaka mingi, alitaka ugavana wa Homa Bay mwaka 2022. Chama kikampanga Gladys Wanga, Mbadi akajiondoa, akaenda Bungeni kwa uteuzi. Miaka miwili baadaye, vijana walipoitikisa serikali kwa maandamano ya Juni 2024, Rais William Ruto aliunda upya baraza lake kwa kuwachukua watu wa upinzani, na Mbadi akakabidhiwa Hazina ya Kitaifa. Ni kijana wa jamii ya watu laki moja na nusu anayeshika mfuko wa taifa. Gwassi walisherehekea kwa haki yao. Hata hivyo, Hazina si ya Gwassi, na hakuna mvuvi wa Mfangano anayeweza kusema mwaka huo ndio boti ya wagonjwa ilipopatikana kwa sababu ya sheria fulani.

Msikilizaji anaweza kudhani kwamba serikali ya Nairobi haijui jibu lingine zaidi ya cheo. Inalijua, na Homa Bay imeliona. Tarehe 7 Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina naibu inspekta jenerali wa polisi. Akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Siku iliyofuata alikuwa maiti. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili ulionyesha majeraha ambayo ukuta hauyaelezi. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akalazimika kuomba radhi mbele ya maseneta, naibu wake huyo, Eliud Lagat, akakaa kando kwa muda, na watu sita, wakiwemo polisi, wakashtakiwa kwa mauaji. Jeneza liliporudi nyumbani tarehe 3 Julai, waombolezaji walilipitisha kituo cha polisi cha Mawego, kituo alikopelekwa kwanza baada ya kukamatwa. Siku hiyohiyo kituo kikachomwa moto.

Kuchoma kituo ni uhalifu. Lakini angalia mpangilio wa matukio. Watu wengi wakipaza sauti, jibu huja haraka, liwe la risasi au la kuomba radhi, na mara nyingi vyote viwili kwa zamu. Wachache wakipaza sauti, Nairobi huwarudisha kaunti: hayo yamegatuliwa. Kaunti nayo huwaambia mwenzenu yumo serikalini. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, ila haimpi umati. Wakuria wakiandamana Kehancha, wanaandamana mbali na jengo la gavana, mbali na kamera, na karibu na mpaka, mahali ambapo kila mkusanyiko huanza kwa kutazamwa kama suala la usalama. Vita vya koo, wizi wa ng'ombe, magendo: hayo ndiyo maneno ambayo serikali imezoea kuyatumia inapoiongelea Kuria. Dai la ajira likiingia kwenye faili hilo, linasomwa na afisa wa usalama, wala si afisa wa ajira.

Kuna mfano mmoja wa Kenya ambapo wachache waliandamana wakajibiwa kamili. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, watu ambao wazazi wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais. Hawakuwa na uraia, hawakuwa na vitambulisho. Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaamuru waandikishwe kabla ya mwaka kwisha, na Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba wa pwani nao walitambuliwa. Jibu lilipatikana, bila shaka, kwa sababu kilichoombwa ni karatasi, na karatasi haimpunguzii mwingine sahani. Waogiek wa msitu wa Mau waliomba ardhi. Walishinda katika Mahakama ya Afrika mjini Arusha mwaka 2017, wakashinda tena fidia mwaka 2022, na Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa.

Madai ya Kuria yako upande wa Waogiek. Asilimia 30 ya kazi za kaunti ni kazi ambazo mtu mwingine tayari ameahidiwa, pengine mpwa wa aliyemfanyia gavana kampeni. Hapo hakuna amri ya Ikulu itakayotosha.

Wapo wanaosema dawa ni kaunti ya 48. Hoja hiyo huibuka kila msimu wa siasa, na ina mvuto. Ila Katiba imezitaja kaunti 47 kwa majina, na kuongeza moja ni kuibadilisha Katiba, pamoja na kuzishawishi jamii nyingine ambazo nazo zina orodha yao. Zaidi ya hapo, Kuria yenyewe ina koo nne, Abanyabasi, Abairege, Abakira na Abagumbe, na historia ya mapigano kati yao si siri. Kaunti ya Kuria ingezaliwa Jumatatu, na Jumanne ukoo mmoja ungeuliza kwa nini gavana na spika wametoka ukoo mwingine. Mjaluo na Mkisii wa Kehancha nao wangetafuta kifungu cha 65.

Kifungu hicho kina ndugu asiyesikika sana. Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinaitaka bodi ya utumishi wa umma ya kaunti itathmini na kuliarifu bunge la kaunti jinsi maadili ya Katiba yanavyofuatwa katika utumishi, na kati ya maadili hayo, yaliyomo katika Ibara ya 232, ni uwakilishi wa jamii mbalimbali. Ripoti hiyo haitakiwi kwenda Nairobi wala kwa gavana peke yake. Inakwenda Migori mjini, kwenye ukumbi ambao wawakilishi 12 wa wadi za Kuria wanaketi, na ambao hupitisha bajeti ya kaunti kila Juni. Mwakilishi yeyote kati yao anaweza kusimama na kutaka iwekwe mezani ikiwa na hesabu za walioajiriwa mwaka huo, ngazi kwa ngazi na wadi kwa wadi, kabla ya fedha za mishahara kuidhinishwa. Ikihesabiwa kwa wadi, hata mtu wa Mfangano au Gwassi, ambaye jina lake halimtambulishi, ataonekana katika hesabu kama hiyo kule Homa Bay.